Ile Picha Bado Ipo Mtandaoni?

Shangazi yangu wa Tanga hupiga simu Jumapili baada ya alasiri, kabla hajatoka kumwagilia mchicha wake. Jumapili moja mwaka huu, tulipomaliza shikamoo na marahaba na habari za watoto, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako hiyo ya mitandao? Hivi ile picha ya Uingereza bado ipo?"

Niliijua picha anayoisema. Mwaka 2008 binamu yangu alioa akiwa masomoni Reading, na shangazi na mumewe wakasafiri kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Picha za harusi zikapelekwa kwenye blogu moja ya Watanzania waishio nje, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Shangazi aliporudi nyumbani alikwenda kafe ya intaneti pale Ngamiani, akalipia nusu saa, akaziangalia zote. Hakuchapisha hata moja. Kuchapisha kwa rangi kulikuwa ghali, halafu achapishe ya nini? Picha ziko kwenye intaneti, siku yoyote akitaka atakuja kuziona.

Mumewe alifariki mwaka 2011. Laptopu ya binamu, iliyokuwa na picha zote, iliibwa kwenye treni. Picha nyingine za marehemu zilizobaki ni za vitambulisho, na chache alizopigwa kwenye misiba ya watu. Ile ya Reading ndiyo pekee ambayo ndani yake anacheka.

Niliitafuta usiku uleule. Jina la blogu nilikuwa nalikumbuka. Ukurasa ukafunguka mweupe, na katikati mstari mmoja: blogu hii imeondolewa.

Huu ni mwaka wa kumi na nne natunza seva hapa Dar es Salaam. Nimezima kurasa nyingi kwa mikono yangu, za kampuni zilizofilisika, za miradi iliyoishiwa wafadhili, za wateja waliochoka kulipa, na nilizihesabu kuwa sehemu ya kazi. Usiku ule ndipo nilipoona kwamba watu wetu waliamini jambo ambalo sisi mafundi tulijua si kweli na hatukuwaambia: kwamba kitu kikishaingia mtandaoni, kimehifadhiwa.

Vijana tunawaonya kila siku kwamba mtandao hausahau, angalia unachoposti. Kwa kashfa ni kweli, maana picha ya aibu itapata watu elfu moja wa kuinakili ndani ya saa moja. Lakini harusi ya watu wa kawaida, tanzia, mapishi ya mkate wa kumimina, shairi la mwalimu wa sekondari, hivyo havina wa kuvinakili. Vina nakala moja tu, na nakala hiyo iko kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Ukurasa wa tovuti ni faili lililokaa kwenye diski mahali fulani. Diski inataka umeme, inataka ubaridi, na inataka kubadilishwa ikizeeka. Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja, bali hukodishwa na kulipiwa upya kila muda wake unapokwisha. Mwenye jina akifariki, au barua pepe ya kumkumbusha ikienda kwenye anwani asiyoitumia tena, jina linaachiwa na mtu mwingine analichukua. Nimeshawahi kufungua tovuti ya kwaya ya kanisa moja la mkoani nikakuta matangazo ya kamari. Hakuna aliyewadukua. Kiongozi wao aliyekuwa akilipia alihama mji.

Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichunguza sampuli kubwa ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, ikakuta asilimia 38 hazifunguki tena. Hata wakubwa wamepoteza. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na ikafungwa Oktoba 2009. MySpace ilikiri mwaka 2019 kwamba muziki uliopakiwa kwao tangu 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva, na nyimbo hizo zilikadiriwa kufikia milioni 50.

Habari hiyo ya MySpace niliisoma nikiwa ndani ya daladala, na mawazo yangu yakakimbilia Bongo Fleva. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na sauti yake tunayo, kwa sababu zilikuwepo santuri na mikanda, na palikuwa na Radio Tanzania iliyorekodi bendi na kuweka mikanda kwenye rafu. Sasa mtafute kijana wa Temeke aliyetoa wimbo mmoja mwaka 2007, ukavuma miezi mitatu, ukapigwa kwenye kila kibanda cha kuuza CD, ukawekwa kwenye tovuti ya kupakua muziki iliyokuwa na jina la DJ fulani. Tovuti haipo. CD zilikuwa za kuchoma, zimechunika. Studio ilibadilisha kompyuta. Ukimkuta mwimbaji mwenyewe leo, ni mtu mzima ana duka la vifaa vya ujenzi, na yeye pia anautafuta. Wimbo wa 1974 unapatikana kwa urahisi kuliko wa 2007, na hiyo inanisumbua zaidi ya takwimu zote za Pew.

Hata kuandika mtandaoni kwa Kiswahili kuna historia, na wengi waliozaliwa na simu janja mkononi hawajaisikia. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe na kuwahimiza wenzake waanzishe blogu kwa lugha yao. Septemba 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alianza yake, ambayo wasomaji waliiita Globu ya Jamii na yeye wakamwita Ankal. Maggid Mjengwa naye akaja na ya kwake. Neno "libeneke" lilivuma kutoka pale kwa Ankal, na mtu akisema "tuendeleze libeneke", yaani tuendeleze kazi, wadau walielewa kuanzia Mwanza hadi Washington.

Kwa nini blogu zile zilipendwa hivyo? Wakati huo nyaya za baharini zilikuwa bado hazijafika. SEACOM ilizinduliwa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, taratibu na kwa bei kubwa. Kupandisha picha moja kutoka kafe ya Posta kungeweza kula robo saa, nawe unaangalia mstari wa bluu ukisogea na saa ya malipo ikihesabu. Mtu alipoweka picha pale alikuwa ameilipia. Halafu chini ya picha zikaja salamu: anayemkumbuka bwana harusi tangu Shule ya Uhuru, anayeuliza kama huyo mama wa kulia siye aliyekuwa muuguzi hospitali ya Bombo, anayetoa pole kwa msiba wa juzi. Watu walitafutana na kupatana kwenye maoni yale. Ndugu walioachana miaka ishirini walionana tena kwa sababu ya tangazo la tanzia.

Mwaka 2006 ukaanzishwa uwanja wa majadiliano ambao sasa tunaujua kama JamiiForums, na pale Kiswahili kikapata msamiati wake wa mtandaoni: uzi, bandiko, mkuu, mleta mada. Maneno hayo hayakupitishwa na kikao chochote cha baraza la lugha. Yalizaliwa kwenye ubishi, usiku, watu wakijadili bei ya sukari na usajili wa Yanga.

Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. JamiiForums ilijizima kwa muda Juni mwaka huo. Sitaki kuingia hapa kwenye siasa za kanuni zile, ingawa niliziona kuwa kosa na bado naziona hivyo. Ninachotaka kieleweke ni kilichoondoka pamoja na waandishi wadogo waliofunga. Mtu aliyekuwa akiandika kilimo cha vitunguu kule Karatu, au kukusanya methali za babu yake, hana milioni mbili. Alifunga, na siku aliyofunga hakuna aliyepita na kapu kukusanya alivyoviacha.

Kufunga kuna kelele angalau. Kupotea kwingi hakuna kelele kabisa, na kumoja nilikushiriki mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyohamisha tovuti ya gazeti moja kwenda kwenye mfumo mpya. Mfumo wa zamani ulitambua kila habari kwa namba, tuseme 4312 mwishoni mwa anwani. Mpya ulitaka maneno ya kichwa cha habari. Habari zenyewe tulizihamisha, lakini anwani zote za zamani zilikufa asubuhi moja. Aliyekuwa ameweka kiungo cha habari ile kwenye tasnifu yake, kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kwenye barua pepe kwa mtoto wake aliye Muscat, akibonyeza anakuta "ukurasa haupatikani".

Dawa ilikuwepo na ni rahisi: jedwali moja tu, upande huu anwani ya zamani, upande huu mpya, seva ikiulizwa ya zamani impeleke mtu kwenye mpya. Nilikadiria kazi ya siku mbili. Nikaambiwa hakuna muda, tovuti inazinduliwa Jumatatu. Nilikubali. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao huu wa kurasa, aliandika waraka mfupi mwaka 1998 akisihi kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Nilikuwa nimeusoma chuoni. Siku mbili zile ningeweza kuzifanya usiku, bila kumwomba mtu ruhusa, na hadi leo sijaacha kulifikiria hilo.

Leo mazungumzo yamehama tena. Blogu wameachiwa wachache, na watu wako kwenye magrupu ya WhatsApp. Kila Mtanzania ana grupu la ukoo, la waliosoma pamoja, la vikoba, la msikiti au jumuiya, na moja la Simba na Yanga ambalo siku ya dabi linatoa ujumbe mia saba kabla ya mapumziko. Stetasi inaishi saa 24 tu, ikafutika. Kuna vichekesho vya kweli mle, kuna uchambuzi wa mpira unaozidi wa redioni, kuna mashairi. Dada mmoja kwenye grupu letu la mtaa aliandika maelezo ya mafuriko ya Aprili moja, nyumba kwa nyumba, nani kahamia kwa nani, ambayo mwanahistoria angeyatafuta kwa tochi. Yako wapi sasa? Kwenye simu zetu themanini, yakisubiri simu zijae.

Tuna tabia nyingine inayoumiza. Matangazo yetu, tanzia zetu, hata taarifa za serikali, tunaziweka ndani ya picha. Maandishi yamechorwa juu ya rangi, na mashine za kutafuta mara nyingi zinaona picha tupu. Halafu WhatsApp huipunguza picha ukubwa ili isafiri kwa wepesi, na huiondolea taarifa zilizofichwa ndani yake kama vile siku na mahali ilipopigwa. Ikiforwadiwa kutoka grupu hadi grupu, inakuwa haina tarehe wala mwenyewe. Ndiyo maana picha ya ajali ya zamani ya nchi nyingine inaweza kutembea hapa kama habari ya jana, na watu wenye akili zao wakaipokea.

Hasara haiishii hapo. Mashine za kisasa za kuandika na kuongea zinajifunza lugha kutokana na maandishi yaliyopo wazi mtandaoni. Kijana wangu kazini anazitumia kutwa, na analalamika kwamba Kiswahili cha mashine hizo kinanuka tafsiri. Nikamwambia tusishangae. Ubishi wetu, utani wetu, tanzia zetu na salamu zetu ama tumezifuta, ama ziko ndani ya picha, ama ziko kwenye simu. Mashine imesoma kilichobaki.

Idi iliyopita nilikwenda Tanga, na kabla ya kuzungumza habari za picha shangazi akanipa simu yake: "Baba, hebu iangalie, inasema imejaa." Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Mjukuu wake alikuwa ameshaanza kufuta vitu ili apate nafasi ya klipu. Nilifungua folda ya sauti za WhatsApp. Ndani yake mna folda ndogo, kila moja imepewa namba ya mwaka na ya wiki. Nikafungua 201911, wiki ya kumi na moja ya mwaka 2019. Faili la tatu liliitwa PTT-20190314-WA0007. Nikaligusa.

Alikuwa bibi. Mama yake shangazi, aliyefariki mwaka 2020, ambaye hakujua kuandika na aliyekuwa ameshikiwa simu na mtu. Anamwelekeza shangazi mambo ya ukindu: usiutie rangi ukiwa mbichi, uanike kwanza, kisha uchemshe, na shupatu usilishone mpaka umelinganisha upana. Nyuma yake jogoo anawika. Mwishoni anauliza kama simu bado inasikia, na mtu anacheka. Sekunde arobaini na kitu.

Shangazi alikaa kwenye mkeka na kuniomba nirudie. Alikuwa hajui kama ile sauti bado ipo. Mjukuu alikuwa amefikia folda za 2018 katika kufuta kwake.

Tulikaa mpaka usiku. Nilinakili folda nzima kwenye laptopu, kwenye flashi iliyokaa sasa ndani ya kabati lake la vyombo, na kwenye diski yangu ya Dar es Salaam. Sauti za bibi zilikuwa kumi na moja. Kila moja nikaibadilisha jina, kwa sababu PTT-20190314-WA0007 halimwambii mtu kitu. Sasa inaitwa "Bibi anaeleza kutia ukindu rangi, Machi 2019". Jina la faili ndilo maktaba ya masikini. Halihitaji programu yoyote, na litasomeka hata kwenye kompyuta ambayo bado haijatengenezwa.

Vilivyonusurika mtandaoni vimenusurika kwa namna hiyohiyo, kwa sababu mtu aliamua. GeoCities ilipotangaza kufungwa, watu wa kujitolea wakiongozwa na Jason Scott walikesha wakinakili kurasa za watu wasiowajua. Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, Wakenya wachache, akiwemo Ory Okolloh, walitengeneza mfumo wa kupokea taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na mtandao na kuziweka kwenye ramani, wakauita Ushahidi. Jina lile walilichagua kwa Kiswahili, na limekwenda nao duniani kote. Na tangu 1996 Brewster Kahle na wenzake wa Internet Archive, San Francisco, wanapita mtandaoni wakipiga nakala za kurasa. Mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya zamani pale na kuona ilivyokuwa. Anaweza pia kuwapa ukurasa wauhifadhi, bure, kwa muda mfupi kuliko wa kuunga bando. Mimi sasa nafanya hivyo kila ninapokuta kitu kizuri cha Kiswahili, hasa cha mtu asiyejulikana.

Kule Internet Archive ndiko nilikoiona picha ya Reading. Blogu ilikuwa imenakiliwa mara moja tu, mwaka 2010. Picha kubwa, ile inayofunguka ukibonyeza, haikuchukuliwa. Iliyochukuliwa ni ndogo ya kwenye ukurasa, upana wake pikseli 320. Lakini ilikuwepo. Nikaipeleka studio Kariakoo, na fundi akanishauri tusiikuze zaidi ya ukubwa wa kiganja, ikizidi hapo nyuso zitavunjika.

Nilimpa shangazi usiku ule wa Idi, baada ya sauti za bibi. Aliitoa kwenye bahasha, akavaa miwani, hakusema kitu kwa muda mrefu. Mumewe amevaa koti zito la kuazima, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, kinywa wazi, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Shangazi akaanza kuwataja mmoja mmoja, na mimi nikiandika majina yao kwenye laptopu: huyu mama wa bibi harusi, huyu rafiki yao wa Moshi, huyu mchungaji wa kanisa la jirani aliyewaletea viti. Akafika kwa msichana aliyesimama mwisho kushoto, ana gauni la njano na ameshika chupa ya soda. Hakumkumbuka. Tulimpigia binamu Reading. Naye hakumkumbuka.

"Muache hivyohivyo," akasema shangazi. "Iko siku atatokea anayemjua."

Nikaandika: msichana wa gauni la njano, kushoto mwisho.